Mama Anatolia na Dawa Isiyogawanywa

Jumamosi, tarehe 29 Juni 1957, Mama Anatolia Kemilembe, muuguzi na mkunga wa zahanati yetu, atavua aproni yake kwa mara ya mwisho baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ameniagiza mwenyewe niitaje. Anasema aliifanyia kazi kama ile mingine, kwa hiyo isitupwe.

Aliajiriwa Aprili 1929 katika hospitali ya mjini Bukoba, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, kazi yake kufua bandeji na kuchemsha vyombo. Hakuajiriwa asome, lakini alikuwa amefundishwa kusoma misheni, basi kila karatasi iliyopita mbele yake aliisoma, na hasa zile zisizomhusu. Mwaka haukuisha, sista mkuu akaona ni heri amfundishe uuguzi kuliko kuendelea kumficha karatasi. Mwaka 1938 alihamishiwa huku kwetu, juu ya Izigo. Watoto aliowapokea tangu hapo wangejaza shule mbili, na baadhi yao sasa ni wazazi ambao watoto wao pia wamepokelewa na mikono ileile.

Mimi ninayeandika haya, Muhidini Saburi, mtoto wa Rwamishenye, mtaa wa mjini Bukoba, nilifika hapa mwaka 1946 kuwa mtoa dawa. Kihaya changu kilikuwa cha sokoni. Siku ya kwanza Mama Anatolia alinisikia nikimwamkia mzee mmoja, akanivuta pembeni, akaniambia niwaamkie watu kwa Kiswahili tu mpaka atakaponipa ruhusa. Ruhusa niliipata mwaka 1948.

Wengi watamkumbuka kwa uzazi. Mimi nitamkumbuka zaidi kwa wagonjwa ambao hakuna aliyewapigia vigelegele, yaani akina mama watu wazima waliokwisha kukoma hedhi, waliokuwa wakisumbuliwa na maumivu ya njia ya mkojo. Ugonjwa huu huwachoma wakienda haja ndogo, huwainua kila mara, huwatia homa, na ukishapoa hurudi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyefika hapa akautaja. Mmoja alisema mgongo, mwingine tumbo, wa tatu alisema amekuja tu kutusalimu. Waliogopa kusemwa kwamba wana kisonono, na kwa mjane anayeishi katikati ya mashemeji, neno hilo moja latosha kumtoa kwenye kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba.

Mama Anatolia hakuwauliza ugonjwa. Alimkalisha mgonjwa nyuma ya pazia, akamwuliza habari za migomba, halafu akamwuliza kana kwamba ni maongezi tu, kwa lile neno la Kihaya la kumwita mtu mpendwa, “Tangu uondoke nyumbani, waitu, umesimama njiani mara ngapi?” Mtu akijibu mara nne, naye anatoka bonde la pili, Mama Anatolia alikuwa amekwishajua. Alimwambia atafute chupa, arudi nayo asubuhi.

Chupa hizo ziliniponza. Zamani hizo chupa tupu ilikuwa mali, na kila mama alileta aliyonayo. Asubuhi moja nilikuta mezani chupa nzuri yenye kizibo cha jani la mgomba, imejaa kitu cha rangi ya asali. Nilidhani ni zawadi. Nilikuwa nimekwishatoa kizibo na kuinua chupa, Mama Anatolia alipoingia, akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya Bibi fulani na inakwenda Bukoba kupimwa kwa hadubini. Kisa hiki amekisimulia kila mwaka siku ya Krismasi, na siku ya Idi pia, ili nisijione nimebaguliwa.

Tulikuwa na vidonge vya salfa. Dozi ilikuwa ya siku saba, na kila siku mgonjwa alitakiwa kunywa maji mengi. Maji peke yake yalikuwa vita. Mama mmoja alituambia wazi kwamba maji matupu ni kinywaji cha ng'ombe. Hata hivyo walipona. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili, walewale walirudi. Walikuwa kumi na mmoja, na majina yao nilizoea kuyaandika kwenye daftari hata kabla hawajafika mlangoni.

Oktoba 1952 daktari Mwingereza aliyekuwa akitukagua alilifungua daftari hilo, akayahesabu majina. Hakuwa mtu mbaya. Alisema vidonge ni vichache, watoto wenye vichomi wanavihitaji, na akina mama hawa ni wazee ambao kwa dalili zote dawa haiwasaidii. Kuanzia Januari wangepewa mchanganyiko wa kutuliza uchungu tu, basi. Mama Anatolia alimjibu kwamba atatafuta kwa nini dawa haifanyi kazi. Daktari akampa mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Nilimwonyesha Mama Anatolia rasimu ya kwanza ya wasifu huu, yenye sifa tupu, akanirudishia. “Muhidini, ukiniandika, andika na kosa langu. Bila hilo umemwandika mtu mwingine.” Basi naandika.

Novemba hiyohiyo ugonjwa ulimshika yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini, hedhi imekoma miaka mitatu nyuma, na alikuwa mtu wa kumi na mbili kwenye orodha yake. Nilimhesabia vidonge vyake mwenyewe kwa mkono huu. Jirani yake na rafiki yake wa tangu ujana, mjane aitwaye Kokubanza, alikuwa na maumivu yaleyale, lakini aliapa kwamba hatatia mguu zahanati, maana shemeji yake alikuwa akitafuta sababu ya kumfukuza. Mama Anatolia akaenda kumjulia hali. Kwa desturi ya huku, mgeni akifika hutolewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na kahawa hiyo haitafunwi peke yako. Unachukua, unampa mwenzako. Ndugu wa kuchanjana damu huila punje moja, kila mtu na nusu yake. Wawili hao walikaa, wakagawana kahawa, na kahawa ilipokwisha Mama Anatolia akafungua karatasi ya vidonge, akampa rafiki yake nusu.

Anasema hakufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Siku ya nne wote wawili walijisikia wazima. Siku ya kumi Kokubanza alikuwa akitetemeka kwa homa, ameshika kiuno, hatambui watu. Ugonjwa ulikuwa umepanda kwenye figo. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, tukasimamisha lori la kahawa, akalazwa juu ya magunia hadi Bukoba. Mama Anatolia alikaa pembeni yake njia nzima, naye mwenyewe akiwa na homa. Nimemfahamu mwanamke huyu miaka kumi na mmoja, na siku ile peke yake ndiyo niliyomwona akilia.

Hospitalini daktari yule alishangaa, kwa sababu jina la Kokubanza halikuwa kwenye daftari letu, lakini mwenyewe, fahamu zilipomrudia, alisema amekwisha kunywa vidonge vyeupe. Daktari aliuliza vimetoka wapi. Mama Anatolia angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa amebakiza miaka michache tu ya kustaafu, na muuguzi anayetoa dawa ya serikali vichochoroni hufukuzwa. Alisimama mbele ya kitanda, akasema, “Ni vyangu, Bwana Daktari. Nilimgawia. Dozi ya mtu mmoja tumekula wawili, na hakuna aliyepona.” Kisha, kabla hajajibiwa, akaongeza kwamba sasa amejua kwa nini dawa haiwafai wale kumi na mmoja.

Daktari alimwandikia barua ya onyo kali, akamruhusu kurudi kazini akaichunguze fikra yake. Mama Anatolia alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, siku sita. Hakumwuliza mtu kama amegawa dawa, maana angeulizwa kwani yeye mchoyo. Aliuliza ni nani mwingine aliyepona kwa vidonge vile. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walimtajia kwa fahari dada, wifi, jirani, mama mkwe. Vidonge vya mama mmoja wa Kaagya vilikuwa vimeliwa na watu watano.

Hapo ndipo ilipozaliwa baraza yetu ya asubuhi, ambayo wageni hudhani ni harusi. Akina mama wenye dawa huja kila siku kwa siku saba, wanakaa barazani kwenye mkeka, kila mmoja anameza vidonge vyake vya asubuhi mbele ya Mama Anatolia kwa maji ya kibuyu kizima, anapewa vya siku hiyo tu, na kesho analeta karatasi tupu. Kisha kikapu cha kahawa kinapita, kwa sababu Mama Anatolia alisema huwezi kumwondolea mtu kugawa, unambadilishia cha kugawa. Mwenye jirani mgonjwa hampi kidonge. Anamleta. Na ili wajue kwamba yeye hawalaumu, siku ya kwanza aliwasomea barua yake ya onyo, akiitafsiri kwa Kihaya neno kwa neno. Walicheka mpaka machozi. Mmoja aliomba isomwe tena.

Amri ya Januari haikutekelezwa. Mwaka uliofuata, wanane kati ya kumi na mmoja hawakurudi tena na ugonjwa ule. Watatu walirudi, ijapokuwa walimaliza kila kidonge. Mama Anatolia alimwandikia daktari kwamba hao wanalalamika pia ukavu na muwasho, na akauliza kama hedhi inapokoma hakuna kitu kingine mwilini kinachokoma nayo. Daktari alikuja na bomba dogo la dawa ya kupaka kutoka Ulaya, yenye kurudisha kile ambacho mwili umeacha kutengeneza, akakiri kwamba swali hilo ilimpasa aliulize yeye. Wawili walipata nafuu kubwa. Wa tatu bado tunahangaika naye, na ananiita mchawi kila akinywa maji.

Mei mwaka huu ugonjwa ulimtembelea tena Mama Anatolia. Alikaa mkekani na wenzake siku saba, na siku ya nane alinikabidhi karatasi tupu bila ya mimi kumwomba. Barua ya onyo ameomba ibaki ukutani karibu na mlango, mahali ilipo tangu 1952. Nimeitia kioo.

Kokubanza anaishi hadi leo, katika kibanja chake, na shemeji yake alimwomba radhi. Jumamosi ndiye atakayemkabidhi zawadi yetu Mama Anatolia. Ametuambia hatatoa hotuba. Ataleta kikapu, atachukua punje moja ya kahawa, ataipasua, na nusu atampa rafiki yake mbele ya watu wote.

Mama Anatolia, asante. Umetupokelea watoto, umetufundisha Kihaya, na umetuonyesha kwamba kosa likisemwa kwa sauti huponya watu kuliko sifa. Tunakuombea siku ndefu chini ya paa lako, migomba yako izae, na mguu wako usisahau njia ya kuja kwetu. Kila ulicho nacho endelea kutugawia, waitu. Dawa tu, Mama, malizia mwenyewe.