Thurman Earl Gaddis, Mdogo Wangu Niliyemfundisha Kufeli

Wapendwa, hapa kanisani kwetu wasifu wa marehemu hausomwi kwa sauti. Kila mtu hushika karatasi yake, kinanda kikapigwa taratibu, tukasoma kimya. Leo nimemwomba Mchungaji Tolliver ruhusa niusome, na mpiga kinanda nimemwomba apumzishe mikono. Niliuandika mwenyewe nikaupeleka mwenyewe kuchapwa. Mama hajauona. Atanisamehe ama hatanisamehe, lakini ausikie kutoka kinywani mwangu.

Thurman Earl Gaddis alizaliwa tarehe 11 Machi 1981 hapa Belzoni, Mississippi, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Otha Gaddis, aliyefanya kazi kwenye mabwawa ya kambare, na Bi Arzula Gaddis. Mimi, Verlene, nilimtangulia kwa miaka minane. Alibatizwa katika kanisa hili akiwa na miaka saba. Pasaka ya mwaka 1990, watoto walipopangwa mbele kusema mashairi yao, wanne walishikwa na woga wakasahau. Thurman aliwasemea wote, mmoja baada ya mwingine, akiwa amekaa palepale kwenye benchi, mpaka Baba akamfinya. Alikuwa ameyakariri ya darasa zima kwa kuyasikia tu wakati wa mazoezi. Mama alisema huyu atakuwa mchungaji. Mimi nilisema atakuwa mbea.

Alisoma shule za kaunti yetu akamaliza sekondari Mei 1999, wa tatu katika darasa lake. Wengi wenu mnakumbuka Ijumaa zile tulivyokuwa tukifunga maduka mapema ili tuwahi uwanjani kumwona akicheza. Alipata ufadhili wa kucheza mpira chuo kikuu huko Alabama, akahitimu shahada ya kilimo mwaka 2003. Aprili ya mwaka huohuo timu ya kulipwa ya Louisville ilimchagua katika raundi ya tano ya kugawana wachezaji wapya, na sebule ya Mama ilijaa watu hadi zulia likaharibika kwa mafuta ya kambare wa kukaanga.

Alicheza miaka tisa mpira wetu huu wa helmeti, jezi namba 52, mlinzi wa katikati. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya safu ya mbele, kutambua wapinzani wanapanga nini, kuwapigia wenzake kelele, kisha kumkimbilia mwenye mpira na kumwangusha. Aliangusha watu mara 802. Wenzake walimpenda kwa sababu alikuwa na kichwa cha ajabu: alikumbuka mbinu za kila timu tangu msimu wa mwaka jana na juzi. Na alikuwa na tabia ya kumpa mkono mtu aliyemwangusha na kumwambia, "Pole, baba. Twende tena." Kocha alimkaripia kwa hilo miaka yote tisa bila mafanikio.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipakwepa.

Kila Julai, kabla ya mazoezi ya msimu, wachezaji huketishwa mbele ya kompyuta. Wanaonyeshwa maneno na maumbo, yanaondolewa, kisha wanaulizwa wameona nini. Rangi ikitokea, wabonyeze haraka. Alama zao zinahifadhiwa. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu anapimwa tena, na akiwa chini ya alama za Julai hachezi mpaka apone. Kwa hiyo wachezaji wana ujanja wao, na wanaume humu ndani mliowahi kucheza msijifanye hamuujui: Julai unafeli makusudi. Ukishajiandikisha mjinga mapema, siku ukigongwa hakuna atakayeona tofauti.

Mwaka wake wa kwanza Thurman alifanya mtihani kwa uaminifu akapata alama za juu kuliko wote. Oktoba aligongwa, akashuka, akakalishwa mechi nne, na aliyeshika nafasi yake nusura aichukue moja kwa moja. Julai iliyofuata alikuja nyumbani akanikuta mezani jikoni kwa Mama nikisahihisha madaftari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na bado ni mwalimu.

"Dada, wewe si ndiye unayetunga mitihani? Nifundishe kukosa."

"Mwalimu gani anafundisha mtu kukosa?"

"Mwenye mdogo wake anayetaka kubaki kazini."

Nilicheka. Nikasukuma madaftari pembeni nikatoa kadi zangu za darasani. Nilimwambia asikose yote, maana kompyuta itamshtukia. Katika maneno matatu aache moja. Umbo likigeuzwa, aseme ni lilelile. Rangi ikitokea, ahesabu moja kimoyomoyo ndipo abonyeze. Ilimpa shida, masikini, kwa sababu kichwa chake hakikujua kusahau. Tulifanya alasiri tatu, na ya tatu alikosa vizuri mpaka nikampigia makofi. Nimefundisha watoto wa mji huu kufaulu kwa miaka ishirini na tisa. Huyu mmoja, wa tumbo moja na mimi, nilimfundisha kufeli, na sijawahi kuwa na mwanafunzi mwelewa kama yeye.

Nisijitetee kwamba nilifanya kwa ajili yake peke yake. Nilipenda kuwa dada wa Thurman Gaddis. Dukani nilipishwa foleni. Jumapili nilivaa namba 52 chini ya joho la kwaya, na mwenzangu mmoja wa sauti ya pili anajua.

Novemba 2006 aliangusha mtu kwa kichwa, akainuka, akatembea hadi benchi la wapinzani, akaketi na kuomba maji. Televisheni ilirudia picha ile wiki nzima na nchi nzima ikacheka. Jumatano alipimwa. Alinipigia simu kabla hajampigia mtu mwingine yeyote.

"Dada, nimefaulu. Zilezile za Julai."

"Si nilikwambia?" nikamjibu.

Aligongwa vibaya tena mwaka 2008, na mara mbili mwaka 2010. Kila mara alinipigia, na kila mara nilimpongeza. Jumapili iliyofuata alikuwa uwanjani.

Tarehe 17 Juni 2006 alimwoa Corliss Bynum wa Greenwood, msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke mcheshi aliyemwambia siku ya kwanza kwamba kwa ukubwa ule meno yake ni madogo mno. Mungu aliwajalia binti, Odessa, mwaka 2008. Thurman alimsuka nywele mwenyewe kila Jumapili asubuhi, vibaya, na mtoto alikuja kanisani hivyohivyo kwa fahari.

Alistaafu mwaka 2012, wakarudi Mississippi. Ugonjwa haukupiga hodi. Kwanza alisahau funguo, kisha njia ya kwenda Greenwood, kisha akawa mkali, yeye ambaye hakuwahi kuinua sauti nje ya uwanja. Alivunja mlango wa chumba cha kulala kwa bega. Siku moja ya mwaka 2016 alimwacha Odessa kituo cha mafuta akaondoka na gari, asikumbuke kwamba alikuja naye. Akaanza na kunywa.

Wiki hiyo Corliss alikuja darasani kwangu watoto walipotoka. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti juu.

"Verlene, nambie ukweli. Ni mpira?"

Nilikuwa na jibu. Kadi zilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu.

"Madaktari wa timu walimpima kila mara akafaulu," nikamwambia. "Mwambie aache pombe."

Akaniamini, kwa sababu mimi ni mwalimu. Akahangaika na pombe, ambayo haikuwa chanzo, na aliposhindwa akazitoa nje nguo za Thurman ili kumlinda mtoto. Mji mzima ulimsema. Mama aliacha kutamka jina lake. Walimwita mwanamke aliyemtupa mgonjwa, na mimi nilikuwepo, na nilinyamaza miaka minane. Wakati mwingine nilitikisa kichwa kukubali.

Thurman aliishi kwa Mama tangu hapo. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Julai 2024, alianguka kwenye ngazi za nyuma. Alifariki Ijumaa tarehe 5, hospitalini Jackson, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Ubongo wake tumewapa watafiti wa madhara ya kugongwa kichwa, na majibu yatachukua miezi. Mimi sihitaji kuyasubiri. Kwa sababu alama za Julai zilikuwa za uongo, hawakumzuia Novemba, na aliyewaziba macho ni mimi.

Wiki iliyopita, tulipokaa kupanga karatasi hii, familia ilisema jina la Corliss lisiwemo. Mmoja alipendekeza aandikwe kati ya marafiki. Niliitikia, kisha nikaenda kuandika haya.

Thurman ametanguliwa na baba yake, Otha. Ameacha mke, Corliss Bynum Gaddis. Najua mahakama ya kaunti iliandika talaka mwaka 2017. Iliandika ikiwa imedanganywa, na shahidi wa uongo huo, yaani mimi, hakuitwa kwa sababu hakuna aliyejua yupo. Ameacha binti, Odessa, ambaye hakuachwa kituo cha mafuta na baba asiyempenda. Ameacha mama yake, Bi Arzula. Dada yake, Verlene. Shemeji yake, Lamont Pruitt. Mashangazi wawili, na wenzake wa Louisville waliosafiri usiku kucha kuja kulibeba jeneza.

Corliss, nimekuona uko benchi la mwisho, karibu na mlango. Njoo mbele, mshike Odessa mkono mje wote. Nafasi ya pembeni mwa Mama ni yako. Niliikalia mimi asubuhi yote, na sitarudi kuikalia.

Bwana ampe Thurman pumziko la amani.