Kaka Yangu Aliyeosha Wazee wa Watu

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliofika tangu asubuhi, mimi ni dada wa marehemu, wa tatu kuzaliwa, na nimepewa karatasi niwasomee, iliandikwa jana na Mwenyekiti, ndivyo tunavyomwita kaka yetu wa pili kwa sababu hakuna kikao cha ukoo asichokiongoza, karatasi yenyewe inaanza na neno Daktari, na mimi nimeikalia hapa kwenye kiti kwa kuwa ni uongo, uongo tulioula miaka arobaini na sita mpaka leo unanitapisha, kwa hiyo mtanivumilia, kaka yangu hatafukiwa nao kabla sijasema alikuwa nani.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Februari 1952, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga ambako baba yetu alikuwa fundi, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, na kuanzia Januari 1971 hadi Agosti 1976 alikuwa mtumishi wa maabara ya shule, kazi yake kuosha chupa na kuzipanga, na usafi ulikuwa damuni mwake, sisi wadogo zake alitukagua kucha na nyuma ya masikio kabla ya kula, anayejifanya hakumbuki asimame tumwone.

Tarehe 4 Septemba 1976 aliondoka kwenda ng'ambo kusomea udaktari, ukoo mzima ulimsindikiza kituoni, na kabla basi halijang'oa nanga alikuwa ameshaitwa Daktari, hajafungua hata kitabu kimoja, ndiyo sisi hao, mtoto hajazaliwa jina tumeshampa. Mwezi Juni 1978 alianguka mtihani kwa mara ya pili akaondolewa chuoni, akamwandikia baba barua ya kueleza yote bila kuficha, baba akaisoma mbele yetu, akaikunja akaitia mfukoni, kisha akatuambia barua hiyo haikufika, na sisi wote tukaitikia ndiyo baba, mimi nikiwamo, nilikuwa na miaka ishirini na akili zangu timamu.

Tangu tarehe 1 Novemba 1978 hadi tarehe 31 Januari 2017, kaka yangu alifanya kazi moja tu, ya kuosha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, ghorofa ya tatu, vyumba ishirini na vinne, alikuwa na mabeseni mawili kwa kila mzee, la uso na la chini, maji aliyapima kwa kiwiko, pazia alilivuta kwanza, na hakumgusa mtu kabla ya kumwambia mzee wangu sasa nainua mguu, sasa nakugeuza, na wasioweza kujigeuza aliwageuza kila baada ya saa mbili, akatia sahihi kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani, kwa sababu mtu akilala upande mmoja kutwa nzima nyama inaoza akiwa hai. Huku nyumbani, tuliojua tulipokaa peke yetu tulikunja pua na kusema anashika mavi ya watu, mbele za watu tukasema yuko wodini, na juu ya yote tukawacheka wenyeji wa huko kwamba hawana utu, wanawatupa wazazi wao kwa wageni, mtoto anakwenda kumwona mama yake Jumapili kwa miadi kama anakwenda kwa kinyozi, sisi hatutupi wazee wetu, tulisema, sisi ni watu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1985 na mpishi wa nyumba hiyo hiyo, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1987, ambaye ni fundi umeme na amekaa pale mbele, pole sana mwanangu. Desemba 1988 walikuja kututembelea, na siku ya kumpokea mke, sebule imejaa pomoni, wifi yangu alisimama akasema kwa lugha yake kwamba anajivunia mumewe kwa kuwa hakuna mtu pale kazini anayeosha wazee vizuri kama yeye, na shangazi yetu, aliyekuwa akitafsiri, akasema bila hata kupepesa jicho kwamba anamsifu mumewe kwa kuwafanyia wazee upasuaji, watu wakapiga makofi na vigelegele, wifi naye akacheka kwa furaha akidhani wameipenda kazi ya mumewe. Kesho yake asubuhi wagonjwa tisa walikuwa kibarazani, mmoja na mguu umevimba, mwingine na mtoto mwenye homa, kaka akawaambia mmoja mmoja kwamba yeye si daktari, waende hospitali, wakaondoka wakinung'unika kwamba akina sisi tukivuka maji tunaanza kuringa, na Mwenyekiti akamvuta pembeni akamwomba asituaibishe. Hakurudi tena kwa miaka thelathini na mitatu, na mimi sikumlaumu, ila sikumwambia.

Mkewe alifariki tarehe 3 Novemba 2016, na miaka mitano baada ya yeye kustaafu, nguvu zilipoanza kumwisha, binti yake alimpatia nafasi katika nyumba ile ile aliyofanyia kazi, chumba chenye dirisha kubwa, wauguzi wote aliwafundisha yeye mwenyewe, lakini Mwenyekiti akapiga simu wiki nzima, kwamba ni laana mtoto wa kwanza wa ukoo kufia kwa wageni kama hana kwao, kwamba watu watatucheka, na kaka yangu, ambaye maisha yake yote hakutaka ugomvi, akarudi tarehe 14 Machi 2022.

Tarehe 9 Agosti 2023 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito lakini akili haikuguswa, tukamweka chumba cha uani, na kwa mkono wake wa kushoto aliandika karatasi ya zamu, saa mbili, saa nne, saa sita, na nafasi ya kutia sahihi, akaomba ibandikwe ukutani, ikakaa siku sita bila sahihi hata moja, kisha Mwenyekiti akaibandua kwa kuwa wageni wangedhani nyumba imegeuzwa hospitali. Wageni waliambiwa Daktari amepumzika, mlango ukafungwa, marashi yakapulizwa kwenye ukumbi, na ndani mtu aliyeosha wazee wa watu kwa miaka thelathini na minane alilala kwenye mkojo wake mpaka mchana, wake za ndugu wakisema ni shemeji hawawezi kumvua, wanaume wakisema hiyo ni kazi ya wanawake, na mimi niliingia nimejifunga kanga puani, nikaweka sahani, nikatoka, naye aliniona. Wahenga walisema mwosha huoshwa, basi walikuwa hawajafika nyumbani kwetu.

Aliyemgeuza ni jirani yetu fundi cherehani, alikuwa akianika nguo uani mwezi Aprili mwaka huu akasikia harufu, hakuuliza mtu, aliingia na beseni lake, akaja kila asubuhi kwa wiki tano, lakini vidonda vya mgongo vilikuwa vimeshafika mfupani. Hospitalini daktari aliuliza ni nani anayemuuguza mtu huyu, tukajibu tunasaidiana, wote kwa pamoja, kama kwaya. Kaka yangu alifariki tarehe 30 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na cheti kinasema kilichomuua ni sumu ya vidonda, kiharusi hakikumuua, sisi ndio tuliomuua, sisi tusiotupa wazee wetu.

Namshukuru fundi cherehani, nawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha siku nne za mwisho huku wakituangalia kwa macho tuliyostahili, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya tatu, ambao wameandika kwamba hadi leo wanaoanza kazi pale wanafundishwa kupima maji kwa kiwiko kama yeye, na namshukuru binti yake kwa kukubali kukaa kwenye mkeka mmoja na sisi. Ndugu wa marehemu hatumo katika shukrani hizi.

Pumzika kwa amani kaka, na utusamehe ukiweza, mimi nilikuwa na mikono miwili mizima.