Papa Ananie Maliro na Mawe Aliyoyalaza Shambani

Tarehe 31 Desemba 2003, Papa Ananie Maliro, mkuu wa sampuli katika bureau yetu ya utafiti wa madini hapa Butembo, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi tisa ya kazi. Aliingia tarehe 1 Aprili 1969, kijana wa Lubero aliyetoka shule ya misheni, akapewa sururu, nyundo na mfuko wa turubai. Nyundo anayo hadi leo. Mfuko ulikufa zamani.

Wengi wetu tumejifunza kazi mikononi mwake. Ndiye aliyetufundisha kulamba jiwe kabla ya kulitazama, maana jiwe likilowa linaonyesha chembe zake, na mate hayabebwi kwenye ndoo. Wageni walidhani ni dawa ya wazee. Kule Beu, mfanyabiashara mmoja alimwita akamwonyesha kopo zima la dhahabu aliyoipata Eringeti. Papa Ananie aliweka chembe chache juu ya mkaa wa moto, nyumba ikajaa harufu ya kiberiti, akamwambia kwa upole kwamba hiyo si dhahabu hata kidogo. Yule baba alinuna wiki nzima. Tangu hapo hanunui kitu bila kumtafuta Papa Ananie kwanza.

Mais kazi ya maisha yake ni mshipa wa Muhavira. Mshipa ni ukanda wa jiwe jeupe uliojaza ufa ndani ya kilima, na huu una dhahabu kidogo kidogo pamoja na risasi, zinki na shaba. Mwaka 1989 mashine ilitoboa kilima kile mara saba, ikatoa fito ndefu za mawe ambazo sisi tunaziita karoti. Karoti hulazwa kwenye masanduku ya mbao jinsi mtu anavyoandika barua: ukifika mwisho wa mstari, unarudi kushoto kuanza mwingine. Mpangilio huo ndio elimu yenyewe. Ukiuvuruga, umebaki na mawe ya kujengea ukuta.

Vita vilipotufikia tena, mwaka 1998, bureau ilitawanyika. Askari wakalala kwenye depot yetu ya Muhavira, ghala la karoti hizo, na baridi ya kule juu haina huruma, wakaanza kuchoma masanduku. Papa Ananie alikwenda peke yake kumwona komanda wao. Mke wake, Mama Agar, alimngojea barabarani akiwa na hakika kwamba hatarudi. Alirudi. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: «Mbao mukamate, chef. Mawe hapana.» Komanda alicheka sana, akamruhusu.

Kwa siku tisa mume na mke walihamisha mawe, yeye kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, Mama Agar kwa kitunga chenye kamba ya paji la uso. Waliyalaza kwenye shamba lao la viazi, lile zuri kuliko yote, sanduku moja mstari mmoja wa mita tano. Kwenye kila mstari, upande wa chini wa shamba, Papa Ananie alichomeka kipande cha kopo la maziwa chenye namba ya tundu na mita ya kuanzia. Majirani waliuliza karoti hizo zitaota lini. Miaka mitano shamba lile halikulimwa, na familia ya wakulima ikala viazi vya soko.

Mwaka 2002 njia ilipotulia kidogo, bureau ilimleta ingénieur kutoka Lubumbashi ayasome mawe hayo. Ingénieur huyo ni mimi, Nadège, ninayeandika mistari hii.

Nilisoma kila mstari kuanzia kwenye kopo lake. Katika tundu la saba, lililo refu kuliko yote, nilikuta jiwe jeupe mwishoni mwa mstari wa kumi na saba, kisha mita nne na zaidi za mwamba mtupu, kisha jiwe jeupe tena mwishoni mwa mstari wa kumi na nane. Donc nikaandika kwamba mshipa umepasuka kuwa nyuzi mbili nyembamba na unakufa. Papa Ananie, aliyesimama kando ya mashine ile mwaka 1989, aliniambia: «Mushipa ni moja, Madame. Niliuona na macho yangu.» Nilimjibu mbele ya wafanyakazi kumi na mmoja kwamba kumbukumbu si kipimo. Rapport yangu ilishauri Muhavira ifungwe na wale kumi na mmoja warudishwe nyumbani.

Mwezi wa tatu mwaka huu tuliketi kuitia sahihi barua ya kufunga. Asubuhi hiyohiyo Papa Ananie alikuwa analima maharage na Mama Agar kwenye shamba la kukodi. Alifika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine palepale aliposimama, kama alivyolima tangu utotoni. Akasimama. Akaacha jembe, akatembea kilomita kumi na nane, akapita barrière mbili za askari, akaingia kwenye mkutano akiwa na udongo miguuni.

«Kosa ni yangu,» alisema. «Nililaza mawe sawa vile tunalima.»

Mstari mmoja ulikwenda, uliofuata ukarudi, lakini makopo yote aliyachomeka upande uleule wa chini. Nusu ya mistari yote ilikuwa kinyume, nami niliyeisoma kwa makini sana sikuwahi kumuuliza aliilazaje. Mchana uleule tulipanda Muhavira na chef wetu Luc hadi kwenye shamba lile, tukaugeuza mstari wa kumi na nane. Vipande viwili vya jiwe jeupe, vyenye risasi inayong'aa, vikashikana mvunjiko kwa mvunjiko kama sahani iliyopasuka. Mshipa ni mmoja. Unene wake mita moja na sentimita sitini.

Angeweza kunyamaza. Miaka minne tulikuwa tunamsifu kwa kuokoa mawe yale, na hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angegundua. Aliileta aibu yake mwenyewe, kwa miguu, mbele ya wakubwa na wadogo. Luc aliichana barua. Wale kumi na mmoja wapo kazini, na leo wameketi humu ukumbini.

Mawe yamehamia depot mpya ya matofali, na viazi vya kwanza vimepandwa. Papa Ananie, Mama Agar, bureau nzima inawashukuru, na tunawaombea afya, usingizi usiokatwa na risasi za bunduki, na mavuno mpaka mchoke kugawa.

Limebaki jambo langu. Siku ile nilishika kipimo, nikaandika namba mpya, nikapongezwa kwa rapport nzuri, na neno nililokuambia mbele ya watu sikulifuta. Ninalifuta sasa, mbele ya watu walewale. Ulisema kweli, Papa, na mimi sikukusikiliza. Unisamehe.