Tusker Baridi, Amarwa Moto

Basi lilikuwa halijatoka Kisii mjini, mwaka huo wa 1971, na tayari karani mmoja mwenye tai, Ogari, alikuwa akimfundisha kunywa mzee asiyemjua.

“Mzee wangu, hiyo amarwa yenu ya wimbi ni uji wenye majivuno. Bia ni Tusker, tena baridi hadi chupa itoke jasho.”

Mzee akacheka. “Baridi ni ya kunawia uso. Amarwa tunaitilia maji moto, tunazunguka chungu, kila mtu na mrija wake, tunaongea. Wewe na chupa yako mnaongea nini?”

“Angalau hakuna anayeninyonyea changu!” alisema Ogari, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kunyonyewa. Mama mmoja Msabato alijifunika uso kwa Biblia, lakini masikio aliyaacha nje.

Walipofika kituo cha Keumbu basi likasimama, Ogari akashuka. Utingo akapaza sauti kutoka juu ya keria: “Mrija huu mrefu ni wa nani?”

Mzee akachungulia dirishani. Ogari akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanyoosha mikono yote miwili kuupokea.

“Polepole, ndugu yangu. Ninao tangu nioe.”