Kura ya Binti wa Mwokaji

Vita vilipotulia Kabul, benchi letu lilikuwa ubao juu ya makasha matupu ya risasi, mbele ya duka la mikate la Rahmatullah, fundi mwokaji tuliyemwita Khalifa. Hapo ami yangu, aliyeitwa Kamanda ingawa vita vyote alivimalizia jikoni, alikunywa chai ya kijani na Injinia, fundi wa madishi ya televisheni. Alhamisi ile binti wa Khalifa alikuwa bado kwenye shindano la kuimba, katika televisheni mpya isiyo ya serikali wala ya mbabe yeyote wa vita. Watazamaji waliandika jina la mwimbaji kwenye simu na kulituma. Jua likizama, mwenye kura chache kuliko wote anarudishwa nyumbani. Khalifa aliinamia tanuri lake, akibandika mikate.

— Televisheni hii imetuharibia nchi, alisema Kamanda. Mke wangu siku hizi anasema, “Kwa maoni yangu.”

— Wangu kaniambia nisubiri tangazo liishe ndipo anipakulie.

— Ukasubiri? Mwanamume mzima, Injinia?

— Lilikuwa la sabuni. Zuri sana.

— Aibu tupu!

— Aibu gani? Wale wapiganaji wa mlimani nimewafungia dishi mwenyewe. Siku ya shindano hawapigi hata risasi moja.

— Na huyu wetu akitolewa?

— Makombora kesho asubuhi.

— Yaani amani ya nchi nzima iko kooni mwa yule wa...

— Shhh! Baba yake anasikia.

Dereva wa lori kutoka Herat, mikate kwapani, akatoa simu.

— Salaam, wazee wangu. Nataka kumpigia kura. Anaitwa nani?

Injinia akachungulia ndani ya birika. Televisheni ilimtaja kila wiki, lakini kwetu mwanamume hatamki jina la binti wa mtu hadharani, sembuse mbele ya baba yake.

— Andika “binti wa mwokaji,” Kamanda akanong'ona.

— Niliandika hivyo wiki jana, akasema dereva. Simu ikajibu mshiriki huyo hayupo.

Kamanda akachomoa simu yake mfukoni.

— Hayupo? Mbona mimi na mtaa mzima tumetuma hivyohivyo tangu asubuhi, bila kusoma majibu!

— Mimi niliandika “Yule,” akasema Injinia.

Khalifa akatoka mbio, unga hadi kwenye nyusi, akatazama jua likigusa mlima, kisha akatutazama sisi.

— Gulalai! akapaza sauti mtaa mzima ukasikia. Anaitwa Gulalai! Andikeni, enyi wapumbavu!

Mikate ya jioni ile iliungua yote. Tuliila, tukiendelea kuandika.