Alois Lugembe na Mikoko ya Kidagoni, 1924–1976

Baba Padre, ndugu, majirani na watani mliofika hapa Cheyo tangu juzi, ukoo wa Mzee Lugembe Masele unaomba mtulie kidogo, yasomwe maisha ya Alois kama tulivyoyajua sisi wa nyumbani.

Alois Lugembe alizaliwa Lusu, wilaya ya Nzega, tarehe 14 Juni 1924, akiwa mtoto wa tatu wa Lugembe Masele na Siwema Ngollo. Alisoma shule ya misheni Ndala kuanzia 1933 hadi 1938, kisha akachaguliwa kuingia shule ya serikali hapa Tabora, akamaliza 1944. Januari 1946 aliajiriwa na Idara ya Misitu, akapangwa Sikonge, ambako alikaa miaka mingi kati ya warina asali, akajifunza kwao jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, kwamba mti wenye mzinga haukatwi na mtu yeyote, hata adui wa mwenye mzinga.

Tarehe 22 Septemba 1951 alifunga ndoa na Josepha Minza, kanisani Bukene, wakajaliwa watoto wanne, na mmoja wao, Masele, alitangulia mwaka 1957 kwa ugonjwa wa surua.

Mwaka 1967 Alois alihamishiwa pwani, kusini ya Dar es Salaam, kuwa Bwana Misitu wa eneo la Kidagoni, ambako bahari huingia nchi kavu kwa mkono mrefu na mikoko huota pande zote mbili. Barua zake za wakati ule zilieleza jambo moja tu. Idara yake ilisema mikoko ni msitu, Bwana Samaki, yaani ofisa wa uvuvi, akasema ni mazalio ya kamba na samaki, watengeneza chumvi wakasema ni kiwanja chao, wakata boriti walikuwa na vibali, na Katibu wa TANU alitaka boriti za kujengea kijiji kipya cha ujamaa. Kila mmoja alikuwa na amri yake halali, na mikoko ilikuwa inakwisha. Alois aliwaita wote kwenye kikao Februari 1972, wakaja, wakasema kwa zamu, wakaondoka, na siku ya pili shoka zikaendelea kulia.

Ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa Sikonge pekee angeweza kulifanya. Alichonga mizinga ya magogo, akaitundika kwenye mikoko iliyo mikubwa, akaenda zake nyumbani akiamini amemaliza kazi. Watu wa Kidagoni hawakuwahi kuona mzinga wa gogo. Walisema Mnyamwezi ameufunga mkono wa bahari kwa dawa, na kwamba ndani ya magogo yale mna vitu visivyotajwa. Wakata boriti waliacha, lakini na wavuvi pia waliacha kupita, na akina mama hawakuthubutu tena kuingia kuokota kaa na chaza, watoto wao wakala ugali mkavu. Wenzake ofisini walimshauri anyamaze, kwa kuwa mikoko ilikuwa inapona. Alois aliwajibu kwamba yeye ni mtumishi wa kuhamishwa, na siku atakayohamishwa hofu ile itahama naye.

Maji yalipokupwa aliwaita tena wote, safari hii si ofisini bali kwenye tope, Bwana Samaki, Katibu, watu wa chumvi, wavuvi, wakata boriti na akina mama, akapanda mbele yao na kuishusha mizinga yake mmoja mmoja. Mkubwa wa wakata boriti, Mzee Abbasi Kondo, Mzaramo, alisimama chini akisema, “Mnyamwezi, babu zako walikuja pwani na pembe za ndovu, wewe umetuletea majeneza ya nyuki.” Alois alimjibu kutoka juu, “Mtani, shika hilo gogo vizuri, likikuangukia utalala humo humo.” Watu walicheka, wakaonja asali, ambayo ilikuwa na ladha ya chumvi, na kwa kuwa wote walikuwa wamekwama kwenye tope moja, walianza kuonyeshana kwa vidole. Bwana Samaki aliwaonyesha kamba wadogo kwenye mizizi. Akina mama walionyesha mahali palipokuwa na chaza kabla ya shoka. Jioni walikubaliana kwamba upande wa kusini hautaguswa, upande wa kaskazini utakatwa kwa zamu, chumvi itabaki kwenye uwanda mtupu, kijiji kipya kitajengwa kwa miti ya bara, na hakuna idara itakayotoa kibali peke yake bila kamati nzima kukaa.

Agosti 1974 Alois alihamishiwa Tabora. Alikuwa na swali moja, kama kamati ile inakaa bila yeye, na hakuna aliyeweza kumjibu. Novemba mwaka jana alianza kuvimba miguu, akalazwa hospitali ya Kitete mara mbili, ikaonekana ni figo. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1976, alifariki. Mkewe alikuwa amekaa kitini pembeni, akaendelea kukaa.

Jana, Jumatano, Mzee Abbasi Kondo alishuka kwenye treni, akiwa ameondoka pwani kabla ya msiba, hajui lolote. Alipoambiwa aliingia chumbani bila hodi, akalala kwenye kitanda cha marehemu bila kuvua viatu, akasema, “Mnyamwezi amenikimbia makusudi. Sishuki hapa mpaka mtu anisikilize.” Huo ndio utani wetu na Wazaramo, na hakuna aliyemzuia. Mama Josepha aliingia, akaketi chini, akamwambia, “Sema, mtani, nakusikia.”

Akasema kwamba Desemba ofisa mgeni aliandika kibali cha kukata upande wa kusini, na kwamba waliokikataa ni wakata boriti wenyewe, Bwana Samaki akaja, akina mama wakaja, Katibu akaja, wakakaa, kibali kikarudishwa. Mama Josepha aliuliza, “Nani aliwaita?” Akajibu, “Hakuna. Tulikutana tu huko.” Kisha alishuka kitandani, akatandika shuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitete, wafanyakazi wenzake wa Misitu, majirani wa Cheyo kwa kuni, maji na kulala nasi, na Mzee Abbasi kwa safari yake.

Alois, kamati inakaa bila wewe. Pumzika sasa kwa amani.