Mayu Minza Asitajwe kwa Mganga

Nisikilizeni, wanangu, na wewe Nyamizi zima hiyo redio, maana nina pumzi ya kusema jambo mara moja tu, na mkinirudisha nyuma nitakufa katikati ya sentensi, aibu kubwa kwa mwalimu.

Mali haina mzozo. Nyumba hii ya Sapiwi ni ya Nyamizi, ndiye aliyekuwa ananigeuza kitandani wakati wengine wananitumia salamu za sauti kwenye simu. Ng'ombe ni wa Danford, pamoja na lile dume korofi, wanafanana tabia. Shamba la pamba gawaneni nusu kwa nusu, bila kupelekana kwa mwenyekiti wa kijiji. Hayo yamekwisha, na siyo niliyowaitia.

Nimewaita kwa ajili ya jirani yetu, Mayu Minza, mnayemwita mama mdomoni tu. Danford, usiangalie dari. Jana ulikuwa uani na Bundala, mdogo wa marehemu baba yenu, mkidhani dawa imenilaza, nami nikasikia ukisema, "Mama akifa twende kwa mganga, atuambie ni mkono wa nani." Bundala akakujibu, "Mkono wa nani tena, kama siyo wa yule bibi wa macho mekundu?" Mwanangu, una shahada ya uhasibu. Zilizoniua ni figo, figo zimeuawa na sukari, na sukari nimeilea mwenyewe kwa soda za kwenye semina. Kama kuna mchawi, alikuwa ndani ya kreti. Na macho ya Mayu Minza ni mekundu kwa sababu kuni zilitoweka huku zamani, naye amepikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha. Hayo mnayajua. Mnajua pia kwamba kwetu, mganga akishataja jina la kikongwe, kinachofuata ni panga.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ninyi mlizaliwa mkalikuta limeshafanyika. Nilipokuja kufundisha hapa, nimetoka chuo kikuu na viatu visivyojua matope, hakuna aliyethubutu kula kwa Mayu Minza. Mchana mmoja natoka shule akanikaribisha michembe, vile viazi vya kukatwa na kuanikwa, na karanga pembeni. Nikakaa mlangoni pake, watu wanapita wanaona, nikala. Msinipambe, nilikuwa na njaa. Pale bombani mama mmoja, Kabula, akanidaka: "Mwalimu, umekula kwa yule?"

"Nimekula, na nimeongezwa."

"Haya, tutaonana kesho. Kama utakuwepo."

Kesho yake nilikuwepo, nikawapa watoto wao jaribio la kushtukiza.

Basi Kabula akapiga hesabu yake, kwamba kama mwalimu hajafa, mtoto naye hatakufa, akamwacha mchanga wake kwa Mayu Minza akaenda kuvuna pamba. Jioni akamkuta ameoga, ameshiba, amelala. Msimu uliofuata kina mama wengine wakaiga, ua ule ukajaa watoto. Na dada zao, wale wasichana waliokuwa wakibaki nyumbani na mdogo mgongoni kila pamba ikipasuka, wakarudi darasani kwangu. Miaka ya baadaye msichana mmoja wa namna hiyo alikuwa Debora. Ndiyo, Danford, Debora mkeo, yule uliyemkuta chuoni Mwanza ukaja kuniambia umeokota dhahabu. Alifika huko kwa sababu mdogo wake alipata mahali pa kushinda. Nenda sasa kwa mganga na mbuzi wako, ukamuulize huo nao ni mkono wa nani.

Sikupanga chochote. Nilikula viazi, Kabula akafanya lake, wengine wakafanya lao, na hakuna aliyeitisha kikao.

Kwa hiyo nasema hivi. Ramli isipigwe juu yangu. Bundala akishupaa, mwambieni marehemu alitaja mwenyewe kilichomuua. Mayu Minza ataniosha pamoja na Nyamizi. Atakaa mbele, na wanawake wa ukoo. Kaburini udongo wa kwanza ataweka yeye, nawe Danford utakuwa umemshika mkono, ili kila aliyekuja na maneno yake arudi nayo kwake.

Maji, Nyamizi... kidogo. Inatosha.

Lakini msibani ni mbali, Danford. Nataka kuona sasa. Yuko nje tangu asubuhi, anaogopa kuingia... anawaogopa ninyi. Nenda kamlete. Usitume mtu. Nenda mwenyewe.

...Namsikia anamwamkia: "Mwadila, mayu." Haya. Paza sauti, baba, Bundala naye asikie.

Nyamizi, sogeza kichwa changu... hivyo. Mungu awape nyumba isiyokosa mgeni. Awape watoto wabishi, wenye... wenye kuuliza. Wabeja, asanteni wanangu. Mmenitunza.

Karibu, Mayu Minza. Siyo kwenye kiti... hapa, kitandani, karibu yangu. Danford... mpishe mama yako.